"Gari Halina Nguvu": Uhakiki wa Istilahi za Ubovu wa Giaboksi na Injini

1. Nia ya Makala

Nia yetu katika makala haya ni kuhakiki kijitabu kimoja cha matunzo ya magari, kilichofasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya madereva wa ofisi, ambacho tulipata nafasi ya kukisoma pamoja na mafundi wa gereji mjini Tabora. Ofisi iliyokitoa hatuitaji, kwa sababu makosa tutakayoyaonyesha si ya ofisi moja. Ni makosa ambayo kila mfasiri, nasi tukiwamo, huyatenda pindi anapokaa mezani na orodha ya majina, mbali na kazi ambayo majina hayo yatatumika.

Yafaa tuanze kwa kukitendea haki kijitabu chenyewe. Kiswahili chake ni safi, upatanisho wa kisarufi umezingatiwa, na sura zake zihusuzo matairi, betri na breki zinaeleweka hata kwa dereva aliyeajiriwa jana. Taabu inaanza pale kinapofika kwenye giaboksi ya otomatiki na kwenye gari linaloshindwa kuongeza mwendo. Hapo maneno yanaendelea kuwa mazuri, lakini yanaacha kumsaidia msomaji.

Hoja tunayotaka kuitetea ni hii: istilahi ya ufundi hupimwa kwanza kwa uwezo wake wa kutenganisha ubovu mmoja na ubovu mwingine. Uzawa wake na uzuri wa umbo lake ni mambo ya kufuata baadaye. Neno lisiloweza kutenganisha, hata kama limeundwa kwa ustadi, hugharimu fedha.

2. Fomu Yenye Mstari Mmoja

Wasomaji wetu walio watumishi wa ofisi wanaijua vizuri safari ya gari bovu. Dereva hujaza fomu. Fomu ina mstari mmoja au miwili ya kueleza ubovu. Dereva akishaandika, afisa wa usafirishaji hutia sahihi, na afisa wa ugavi huagiza vipuri kwa kufuata maneno aliyoyakuta. Basi mwenye kuandika mstari ule ndiye anayeamua, bila ya yeye mwenyewe kujua, fedha zitaelekea wapi.

Tulionyeshwa fomu moja ya namna hiyo. Dereva, ambaye alikuwa amekisoma kijitabu na kukiheshimu, aliandika maneno yale yale aliyofundishwa: "Gari lina upungufu wa mchapuko." Kwa mstari huo zilinunuliwa plagi, ikanunuliwa filta ya hewa, kisha ikanunuliwa pampu ya petroli. Gari halikubadilika. Hatimaye fundi mmoja aliliendesha hatua chache tu nje ya uzio, akarudi akasema: "Gia inateleza." Injini haikuwa na kosa lolote tangu mwanzo. Oili ya giaboksi ilikuwa imepungua, na kwa muda wote ambao vipuri vya injini vilikuwa vikisubiriwa, gari liliendelea kutumika mpaka oili iliyobaki ikaungua na klachi za ndani zikaungua pamoja nayo.

Tukimsoma dereva yule kwa haki, hatuwezi kumlaumu. Alitumia istilahi iliyochapishwa. Neno mchapuko ni neno jema, na walimu wa fizikia wanalijua: ni badiliko la mwendokasi kwa kipimo cha wakati. Darasani linafanya kazi yake barabara, kwa kuwa mwanafunzi hatakiwi kujua kama badiliko hilo limetokana na injini, giaboksi au mteremko. Katika fomu ya ubovu jambo lisilotakiwa darasani ndilo linalotakiwa. Kusema kwamba gari limepungukiwa na mchapuko ni sawa na kumwambia mganga kwamba mgonjwa hajisikii vizuri.

3. Namna Mafundi Wanavyotenganisha

Tulimpelekea kijitabu fundi mmoja mzee ambaye amefanya kazi hiyo tangu siku za malori ya gia za mkono. Tulimwamkia, akaitika, akavaa miwani yake, akasoma ukurasa wa giaboksi mara mbili. Kisha akauliza: "Mwanangu, haya ni malalamiko ya dereva. Ubovu wenyewe mmeuandika wapi?" Swali hilo ndilo uhakiki wote, na sisi tunalifafanua tu.

Ili kulifafanua, hapana budi kueleza kwa ufupi chombo kinavyofanya kazi. Katika gari la gia za mkono, mguu wa dereva huunganisha na kutenganisha injini na giaboksi kwa njia ya klachi. Katika otomatiki, kazi hiyo imekabidhiwa oili. Kati ya injini na giaboksi kuna konveta, yaani chombo cha mviringo cha chuma kilichojaa oili. Injini huisukuma oili hiyo kutoka upande mmoja, nayo huzungusha upande wa pili. Ndani ya giaboksi mna seti za klachi ndogo zinazobanwa kwa shinikizo la oili, na katika magari ya siku hizi kompyuta ndiyo inayoamua seti ipi ibanwe na wakati gani. Kwa hiyo oili inalainisha, inapooza, na juu ya hayo inabeba nguvu na kubana klachi. Ikipungua, ikiungua au ikiwa si ya aina yake, klachi hazibanwi sawasawa.

Kwa kujua hayo, mafundi huanza na swali moja: "Ukikanyaga, injini inapiga resi au haipigi?" Jawabu la swali hili hutenganisha mambo yafuatayo, ambayo kijitabu kimeyafunga yote katika furushi moja la "upungufu wa mchapuko":

Kwanza, injini inapiga resi, sindano ya mizunguko inapanda, lakini mwendo haufuati. Hapo gia inateleza, na macho yaelekezwe kwenye giaboksi na oili yake.

Pili, pedeli imekanyagwa lakini injini yenyewe haipandi, au inapanda kwa kusitasita na kupiga misi. Hapo giaboksi iachwe. Chanzo kitafutwe kwenye filta ya hewa, ambayo vumbi la kiangazi la Unyamwezi huiziba upesi, au kwenye filta na pampu ya petroli, plagi, koili, sensa, au bomba la moshi lililoziba.

Tatu, gari linaondoka kwa uzito kana kwamba injini imedhoofika, taa imewaka kwenye dashibodi, na gia hazibadiliki. Huu ni ubovu unaowadanganya wengi. Kompyuta imeona hitilafu, nayo imeifunga giaboksi katika gia moja, mara nyingi ya pili au ya tatu, ili isiharibike zaidi. Injini ni nzima. Inalazimishwa kuondoa gari kwa gia isiyo ya kuondokea. Kununua plagi hapa ni kutupa fedha; kinachohitajika ni kuisoma kompyuta.

Nne, mkono wa gia ukipelekwa kwenye D, gari linakaa kitambo kabla ya kushika, au linashika kwa kishindo. Mafundi husema gia inachelewa, au gia inashtua. Kijitabu hakina neno kwa lolote kati ya hayo mawili, ingawa mara nyingi hizo ndizo dalili za mwanzo, wakati ambapo matengenezo bado ni ya gharama ndogo.

Tano, breki zilizokwama zinaweza kulifanya gari lionekane halina nguvu, ilhali injini na giaboksi hazina kosa. Dereva akishuka na kukaribisha kiganja kwenye ringi bila kuigusa, gurudumu lenye joto kuliko mengine litamwambia.

Liko pia jambo ambalo si ubovu kabisa. Dereva akikanyaga pedeli hadi chini ili apite lori, otomatiki hushuka gia moja au mbili, na injini hupiga resi kwa ghafula. Dereva aliyezoea gia za mkono huogopa akidhani gia imeteleza. Kwa hiyo haitoshi kuandika "injini inapiga resi". Lazima iandikwe kama mwendo umefuata au haukufuata. Tofauti kati ya gari zima na gari bovu imekaa katika kishazi hicho kimoja.

4. Mafuta, Oili na Hasara Yake

Kosa kubwa kuliko yote ya kijitabu limo katika sentensi fupi isemayo kwamba dereva aongeze "mafuta ya gia" yanapopungua. Neno mafuta katika Kiswahili ni pana mno: ni ya kupikia, ni ya kujipaka, ni ya taa, na kwa dereva ni petroli au dizeli. Hata tukilipunguza kwa kuongeza "ya gia", bado halijatosha. Dukani, oili ya gia ni ile nzito inayotiwa katika giaboksi za mkono na katika difu. Otomatiki hutumia oili nyepesi, ambayo aghalabu ni nyekundu ikiwa mpya, iitwayo kwa herufi zake ATF. Na ziko giaboksi nyingine za otomatiki zinazotumia mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida, zijulikanazo kwa herufi CVT, ambazo zina oili yake zenyewe. Mwenye kutia oili nzito katika otomatiki, au ATF ya kawaida katika CVT, anaweza kuiharibu giaboksi nzima kwa kutii maandishi.

Wala si kijitabu peke yake chenye kosa. Gereji nayo ina yake, na mhakiki asiyelisema hilo atakuwa anaipamba lugha ya mitaani bila sababu. Mafundi wengi huita ATF "haidroliki", na kwa jina hilo hilo huita oili ya usukani. Zaidi ya hayo, husema "gari halichanganyi" wakiwa na maana kwamba halipati mwendo upesi. Usemi huo una ladha, na kila dereva wa masafa anauelewa. Lakini katika kitabu kinachozungumzia oili ni usemi wa hatari, kwa kuwa msomaji ataambiwa ukurasa mmoja kwamba gari linatakiwa lichanganye, na ukurasa wa pili kwamba asichanganye oili. Neno la gereji nalo halina budi kupita katika kipimo kile kile cha kutenganisha.

5. Fundisho la Njia ya Misafara

Mtu anaweza kusema kwamba tunawadai wananchi usahihi ambao Kiswahili hakikuuzoea. Jawabu la dai hilo tunalo Tabora penyewe, kwa kuwa mji huu uliishi kwa usahihi wa maneno kabla gari la kwanza halijafika.

Misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, ambako ndiko Tabora, kisha baadhi yake ikaendelea hadi Ujiji. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 akafika Unyanyembe mwezi Juni, yaani karibu miezi mitatu kwa miguu. Kabla ya kuondoka Unguja ilimbidi ajifunze jambo ambalo wafanyabiashara wa njia ile walikuwa wakilijua siku nyingi: hakuna kitu kiitwacho "shanga" tu. Shanga nyeusi zilikubaliwa Ugogo lakini kwingine zilikuwa hazina thamani. Nyeupe zilipendwa Ufipa lakini zingedharauliwa Ukonongo. Nyekundu zilikuwa na jina lake, samesame. Nguo nazo hazikuitwa nguo tu: palikuwa na merikani, ile ya pamba isiyotiwa rangi iliyotoka Marekani, na palikuwa na kaniki, ile ya rangi ya nili. Shuka ilikuwa mikono minne, na doti ilikuwa mikono minane. Pembe zilipimwa kwa farasila.

Maneno haya yalikuwa ya Kiarabu, ya Kihindi, ya Kibantu na hata jina la nchi ya ng'ambo. Hakuna aliyeuliza asili yake. Kilichoulizwa ni kama mpagazi, mwenye mzigo na mwenye nchi wataelewa kitu kimoja. Mtu aliyeandika "shanga" bila kutaja aina aliwatwika watu mzigo usiouzika kwa muda wa miezi mitatu. Mtu anayeandika "mafuta ya gia" bila kutaja aina anafanya vilevile, isipokuwa leo mzigo umo ndani ya giaboksi.

Njia hiyo hiyo inatupa onyo la pili. Neno hongo katika zama zile lilikuwa jina la ushuru ambao msafara ulimlipa mtemi ili upite katika nchi yake. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, misafara ya miguu ikaisha kazi yake, na neno likabaki bila kitu kilichokuwa kikilishikilia. Leo hongo ni rushwa tupu. Neno likitengwa na kazi iliyolizaa huenda linakotaka, na hivyo ndivyo itakavyokuwa kwa istilahi zetu tukiziacha katika vitabu bila ya kuzipeleka gereji.

6. Juu ya Maneno Yaliyoundwa

Kijitabu kinaiita giaboksi "kisanduku cha gia", na ile ya otomatiki "kisanduku cha gia cha kujiendesha". Neno la kwanza halina madhara makubwa, ni refu tu, na fundi yeyote ukimtajia atakujibu, "Aa, giaboksi." Neno la pili lina madhara. Maadam sasa dunia ina magari yanayojaribiwa na kutumika bila ya dereva kushika usukani, gari la kujiendesha limepata maana yake. Kinachojifanya chenyewe katika otomatiki ni kubadili gia. Kuendesha bado ni kazi ya dereva. Mfasiri alifasiri neno "otomatiki" bila ya kuuliza ni tendo gani lililofanywa kuwa la otomatiki.

Hatusemi haya kwa kuyapinga maneno yenye mizizi yetu. Neno usukani lilitoka kwenye vyombo vya baharini likaingia ndani ya gari, na hakuna anayelistaajabia, kwa sababu kazi ni moja: kuelekeza chombo. Neno gari lenyewe lilitoka Bara Hindi, na breki ilitoka Uingereza. Yote matatu ni Kiswahili leo, na yote yanamwezesha dereva kusema ni kitu gani kimeharibika. Kwa kipimo hicho, giaboksi imekwisha kushinda, na kuipinga ni kupoteza wino.

Kasoro ya kijitabu iko ndani zaidi ya uchaguzi wa neno hili au lile. Waandishi wake walitafuta majina ya vitu wakasahau vitenzi. Kina jina kwa kila sehemu ya giaboksi, hata sehemu ambazo dereva hataziona maisha yake yote. Lakini hakina kuteleza, hakina kuchelewa, hakina kushtua, hakina kupiga misi. Ubovu ni tendo. Orodha ya majina hata ikiwa ndefu vipi haiwezi kuueleza, na hilo ni funzo kwetu sote tunaotunga orodha za istilahi kwa safu mbili za majina.

7. Mapendekezo

Tunapendekeza kwamba toleo lijalo la kijitabu, na vitabu vingine vya namna yake, vifuate haya:

(a) Mafuta yabaki kuwa jina la petroli na dizeli tu. Kila kiowevu cha kulainisha kiitwe oili, na kila mara kitajwe aina yake: oili ya injini, oili nzito ya gia, oili ya otomatiki (ATF), oili ya CVT. Pasiandikwe "oili ya giaboksi" bila ya nyongeza.

(b) Gia kuteleza itumike pale tu mizunguko ya injini inapopanda na mwendo usifuate. Injini kukosa nguvu itumike pale mizunguko yenyewe isipopanda kwa kadiri pedeli ilivyokanyagwa. Maneno haya mawili yasibadilishane nafasi kamwe.

(c) Gia kuchelewa na gia kushtua yaingizwe kuwa istilahi kamili zenye maelezo.

(d) Giaboksi kujifunga itumike kwa hali ile ambayo kompyuta imeishikilia giaboksi katika gia moja.

(e) Mchapuko ubaki darasani, ambako unafanya kazi yake vizuri.

(f) Fomu ya taarifa ya ubovu iongezwe maswali manne: Je, injini inapiga resi ukikanyaga? Je, mwendo unafuata? Je, hutokea gari likiwa baridi au likiwa moto? Je, taa yoyote imewaka? Dereva akijibu hayo kwa maneno machache, afisa wa ugavi hatahitaji kukisia.

Kuhusu kupima oili, kijitabu kiseme wazi kwamba otomatiki nyingi zenye kijiti cha kupimia hupimwa injini ikiwa inanguruma, imepata moto, na mkono wa gia uko kwenye P, lakini ziko zinazopimwa injini ikiwa imezimwa, na ziko zisizo na kijiti kabisa. Kwa hiyo kitabu cha gari lenyewe kitangulie. Oili iliyogeuka kuwa ya kahawia nzito na yenye harufu ya kuungua isifunikwe kwa kuongeza nyingine juu yake. Gari lipelekwe kwa fundi.

8. Mwisho

Walimu wa vyuo vya ufundi, wafasiri na madereva watakaosoma makala haya tunawaomba watuletee maneno wanayoyatumia kwa ubovu wa injini na giaboksi katika sehemu zao. Wasituletee neno peke yake. Watuletee sentensi nzima ambayo dereva humwambia fundi, na watueleze fundi baada ya kuisikia alifungua nini kwanza. Neno litakalomfanya fundi wa Tabora, wa Kigoma na wa Bagamoyo wafungue mahali pamoja litakuwa limestahili kuingia katika orodha. Yule dereva aliyeandika "upungufu wa mchapuko" sasa anaendesha gari jingine, na fomu yake ya mwisho tuliyoonyeshwa ilisema hivi: "Nikikanyaga inapiga resi, haiendi, ikishapata moto." Upatanisho wake si wa kijitabu. Fundi alikagua oili siku ile ile.